Masharti ya mganga, masharti ya jiji

*Riwaya za fantasia za mjini zimewahamisha wachawi kutoka porini hadi kwenye vituo vya treni, vyumba vya kupanga na ofisi za polisi. Waandishi wake wanabishana kama uchawi uwe na kanuni au usiwe nazo. Huenda swali hilo si lenyewe.*

Mtu anafukuzwa usiku katika jiji la London na kitu kisicho binadamu. Hana bunduki wala hirizi. Anakimbilia kituo cha treni za chini ya ardhi, anapitisha tiketi yake getini, kisha anageuka na kuanza kuyatamka masharti ya usafiri, yale yale yanayobandikwa ukutani kwa herufi ndogo na ambayo hakuna abiria anayeyasoma. Asiye na tiketi halali havuki. Na kile kitu hakivuki. Geti la kuzuia wakwepa nauli limekuwa zindiko.

Ndivyo anavyojiokoa Matthew Swift, mchawi wa riwaya ya A Madness of Angels (2009) ya Kate Griffin. Kwa msomaji wa Kiswahili tukio hilo lina utamu ambao hata Mwingereza haupati, maana kwetu neno ni moja. Kampuni ya mabasi ina masharti. Mwenye nyumba ana masharti. Mganga naye, kabla hajakukabidhi dawa, ana masharti: usigeuke nyuma, usimwambie mtu, usivuke maji mpaka siku saba zipite. Ukiyakiuka, dawa haifanyi kazi, na kosa ni lako.

Riwaya za aina hii, ambazo tunaweza kuziita fantasia za mjini, zimezua ubishi mrefu kuhusu uchawi wake. Wapo wanaotaka kanuni zijulikane mapema kama sheria za mpira wa miguu, na wapo wanaosema uchawi ukishaelezwa umekwisha. Hoja ya makala haya ni kwamba uwazi wa kanuni ni jambo la pili. La kwanza ni kujua nani analipa gharama ya uchawi, na nani mwenye mamlaka ya kumtoza. Riwaya inayochota majibu hayo kutoka kwenye jiji lenyewe, kwenye kodi yake, mito yake na polisi wake, husimama. Isiyofanya hivyo hubaki ngano ya msituni iliyovalishwa suti.

Mzuka wa masizi

Chimbuko lake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1941 Mmarekani Fritz Leiber alichapisha hadithi fupi, Smoke Ghost, ambamo mzuka hautoki makaburini. Unatokana na masizi, moshi wa viwanda na hofu ya mtu wa ofisini anayetazama mapaa ya nyumba akiwa ndani ya treni. Leiber alikuwa ameuliza swali rahisi: ikiwa kila zama huzaa mashetani wake, zama za makaa ya mawe na habari za vita zitazaa shetani wa sura gani? Mwaka 1977, katika Our Lady of Darkness, alikwenda mbali zaidi. Alibuni elimu ya kutisha inayodai kwamba jiji kubwa, kwa wingi tu wa chuma, saruji, mafuta na karatasi uliorundikana mahali pamoja, hupata nguvu zake lenyewe, na kwamba anayezijua hesabu za majengo na mitaa anaweza kuzielekeza nguvu hizo kwa adui yake. Jiji alilolichagua lilikuwa San Francisco.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, Emma Bull alitoa War for the Oaks, ambamo viumbe wa ngano za Ulaya, jamaa wa mbali wa majini wetu, wanapigana vita katika bustani za Minneapolis. Viumbe hao hawafi kirahisi. Ili kifo kiwe kifo kweli, lazima binadamu awepo vitani, ndiyo maana wanamsakama mwanamuziki wa roki aitwaye Eddi McCandry bila kumuuliza kama anataka. Kanuni hiyo ni fupi na haina maelezo yoyote ya kitaalamu. Lakini gharama yake inajulikana tangu mwanzo, na anayeilipa si mwenye vita.

Kambi mbili

Mwaka 2007 Brandon Sanderson, ambaye riwaya zake nyingi si za mjini hata kidogo, aliandika insha iliyogeuka kuwa katiba ya kambi ya kwanza. Alisema mwandishi anaweza kutatua mgogoro wa hadithi kwa uchawi kwa kadiri tu ambayo msomaji anauelewa uchawi huo. Shujaa akibanwa ukutani ukurasa wa 300, kisha akaibuka na uwezo ambao hatukuwahi kuusikia, msomaji ameibiwa. Baadaye Sanderson aliongeza kanuni nyingine, kwamba mipaka ya uchawi ina uzito kuliko nguvu zake. Ni ushauri mzuri wa fundi kwa mafundi wenzake, na vijana wengi wanaoandika leo wamelelewa nao.

Mwaka 2012 N. K. Jemisin aliandika kutoka upande wa pili. Aliuliza kwa nini uchawi ulazimishwe kuwa na mantiki. Kitu kinachopimika na kurudiwa kikatoa jibu lile lile kila mara kina jina lake tayari, nalo ni sayansi. Kwa maoni yake, kuugeuza uchawi mashine ni kuupokonya kile kilichotufanya tuutafute. Wafuasi wa kambi hii hupenda kukumbusha kwamba ngano za kale hazikuwa na vipimo, na watu walizisikiliza usiku kucha.

Hapa Kiswahili kinaweza kusaidia. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mengi ambayo sisi tumeyatenganisha. Kuna uchawi, kuna uganga, kuna sihiri, kuna mazingaombwe ya kuwachekesha watoto wa shule, na jaribu kumwita mganga mchawi mbele ya watu uone kitakachofuata. Tofauti ya hao wawili haiko kwenye dawa, kwani wanaweza kuchimba mzizi wa mti mmoja. Iko kwenye ruhusa: nani amemwita, kwa faida ya nani, na je, anathubutu kuifanya kazi yake mchana? Tena tuna methali, mganga hajigangi, ambayo tumezoea kuitumia kwa mambo mengine kabisa. Itazame kwa jicho la mtunzi wa riwaya. Ni mpaka wa uchawi kama anavyoutaka Sanderson, ila hauna maelezo yoyote, kama anavyotaka Jemisin. Haisemi nguvu inatoka wapi. Inasema tu kwamba nguvu hiyo haimfai aliye nayo.

> Tofauti ya mganga na mchawi haiko kwenye dawa. Iko kwenye ruhusa.

Konstebo na mto

Sijaona riwaya inayolionyesha hili vizuri kama Rivers of London ya Ben Aaronovitch, iliyotoka mwaka 2011. Peter Grant, konstebo kijana ambaye mama yake anatoka Sierra Leone, amewekwa usiku kulinda eneo la mauaji huko Covent Garden, na anajikuta akichukua maelezo ya shahidi aliyekwisha kufa. Mwingine angetimua mbio. Yeye anauliza maswali kama alivyofundishwa chuoni. Anahamishiwa kitengo kidogo cha polisi kiitwacho Folly, chini ya Inspekta Mkuu Thomas Nightingale, na kuanza kujifunza uchawi ambao, kwa mujibu wa riwaya, ulipangwa na Isaac Newton. Mzaha huo haukuzuka hewani. Newton wa kweli aliandika kurasa nyingi mno za alkemia, na karatasi zake hizo ziliponadiwa London mwaka 1936, mmoja wa waliozinunua kwa wingi alikuwa mwanauchumi John Maynard Keynes.

Uchawi wa Folly una kanuni tele. Hujifunzwa kwa maumbo yenye majina ya Kilatini, na la kwanza huwasha mwanga kiganjani. Huzigeuza chipu za simu kuwa mchanga, ila simu iliyokatiwa umeme husalimika, jambo ambalo Peter analigundua kwa kuharibu vifaa kadhaa makusudi. Anayeuzidisha huharibika ubongo. Mawe ya majengo huhifadhi alama zake, na mpelelezi aliyezoea anaweza kuzihisi kwa kugusa ukuta. Kambi ya kwanza inashangilia, na ina haki. Lakini kanuni hizo ndizo sehemu nyepesi ya kitabu. Ukikifunga, kinachobaki kichwani ni mito.

Mto Thames katika riwaya hii una wadai wawili. Baba Thames, mzee wa Kiingereza, aliuhama mji mwaka 1858, kiangazi kile ambacho kweli kabisa mto ulinuka majitaka hadi wabunge wakakosa raha katika jengo lao la kando ya maji, na ambacho kilisukuma kujengwa kwa mifereji mikuu ya mhandisi Joseph Bazalgette. Kiti kikabaki wazi. Katika karne iliyofuata kikakaliwa na mwanafunzi wa uuguzi kutoka Nigeria aliyejitupa mtoni kwa kukata tamaa, akaibuka Mama Thames. Binti zake ni mito midogo ya London, ikiwemo Fleet na Tyburn, ambayo ilifunikwa zamani na leo inapita gizani chini ya barabara. Kazi ya konstebo wetu si kuwashinda hawa. Ni kusuluhisha mgogoro wa mpaka.

Hatuelezwi popote kwa usahihi jinsi mtu anavyogeuka mungu wa mto, na hatuulizi. Tunachokielewa mara moja ni madai. Mzee alikimbia harufu. Mgeni aliupokea mto ukiwa mchafu. Nani mwenyeji? Katika jiji ambalo hospitali zake zimetegemea wauguzi kutoka ng'ambo, swali hilo halihitaji kanuni ya kichawi ili liwe na makali. Huwezi kuihamishia riwaya hii Paris kwa kubadilisha majina ya mitaa. Ukiihamisha, uchawi wenyewe unakufa, kwa sababu deni linalouendesha liko London.

Moscow ya Sergei Lukyanenko ina deni la namna nyingine. Katika Night Watch, iliyotoka Urusi mwaka 1998, mwaka ambao ruble iliporomoka, watu wa Nuru na watu wa Giza hawapigani tena. Wamesaini mkataba. Wanyonya damu hupewa leseni za kuwinda binadamu, na kikosi cha usiku cha watu wa Nuru kinazikagua leseni hizo. Upande mmoja ukitenda jambo, upande wa pili unapata haki ya kutenda la ukubwa ule ule. Kwa hiyo mtu wa Nuru anayetaka kumponya mgonjwa lazima apige hesabu ya ubaya atakaokuwa ameuruhusu kwingine. Uchawi huo unanuka mihuri na foleni za ofisini. Mtu aliyewahi kuambiwa arudi kesho kwa sababu mwenye muhuri hayupo ataitambua Moscow hiyo bila ramani.

Kizingiti cha mpangaji

Si kila mfululizo maarufu unaiunga mkono hoja hii. Jim Butcher, aliyeanza kisa cha mchawi Harry Dresden wa Chicago mwaka 2000 kwa kitabu cha Storm Front, ana Sheria Saba za uchawi zinazosimamiwa na Baraza Jeupe, ya kwanza ikikataza kuua binadamu kwa uchawi. Sheria hizo zingefaa Chicago, Nairobi au hata mwezini, na ndiyo maana vitabu vya kwanza vya Butcher, kwa utamu wake wote, vinaweza kusomwa bila kulifikiria jiji.

Isipokuwa kwa kanuni moja. Kwa Butcher kila makazi yana kizingiti, na kizingiti ni ngao dhidi ya vitu visivyo binadamu. Ngao hiyo hujengwa na watu kuishi humo kama familia kwa miaka, hadi nyumba iwazoee. Nyumba iliyokaliwa na ukoo mmoja ni ngome. Chumba cha chini ya ardhi anachopanga Dresden, kapera asiye na uhakika wa kodi ya mwezi ujao, karibu hakina kinga. Msomaji wa Pwani anayejua zindiko hufukiwa sehemu gani ya nyumba hahitaji kufafanuliwa umuhimu wa mlango. Lakini zindiko hununuliwa, na kizingiti cha Butcher hakinunuliki, na hapo ndipo penye uchungu. Mtu wa jiji hana ulinzi kwa sababu kila baada ya miezi kadhaa anafunga vyombo na kuhama.

Upo pia mfululizo wa Kate Daniels, ulioanza na Magic Bites mwaka 2007, kazi ya mke na mume wanaotumia jina la Ilona Andrews. Huko Atlanta uchawi huja kwa mawimbi. Ukija, umeme unakatika na magari yanazima. Ukiondoka, bunduki zinafyatuka tena na hirizi zinalala. Maghorofa yanamung'unyika kidogo kidogo, na wenye busara hujipanga kwa hali zote mbili. Wamarekani waliusoma kama ubunifu wa ajabu. Aliyepitia mgao wa umeme ataona ni ratiba ya wiki.

Bei ya ardhi

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa Jemisin mwenyewe, yule aliyekataa mantiki. Mwaka 2020 alichapisha The City We Became, ambamo jiji la New York linazaliwa kama kiumbe hai, na kila moja ya sehemu zake tano inapata mtu wa kuiwakilisha. Adui anajipenyeza kutoka ulimwengu mwingine. Kijana aliyebeba roho ya Manhattan anagundua, katika bustani ya Inwood Hill ambako simulizi zinasema Wazungu waliununua mji huo kutoka kwa wenyeji mwaka 1626, kwamba fedha zinamrudisha adui nyuma. Anarusha noti, na ardhi inasafika. Ila inasafika kidogo tu, kipande kisichotosha hata kitanda, maana ardhi ya Manhattan ni ghali na uchawi unaheshimu bei ya soko.

Hakuna anayeeleza kwa nini. Kambi ya pili imeridhika. Lakini msomaji anaelewa kabisa mipaka ya silaha hiyo, hata anaweza kukadiria lini fedha zitamwishia, na kambi ya kwanza haina la kulalamikia. Ubishi wote umepitiwa kando kwa mlango ambao haukuwa ukitazamwa. Kanuni haikuhitaji kuelezwa kwa sababu msomaji aliijua kabla hajakifungua kitabu. Aliijua kwa kulipa kodi.

> Fedha zinamrudisha adui nyuma, ila kidogo tu: uchawi unaheshimu bei ya soko.

Kwa nini usiandike kodi yenyewe?

Pingamizi la kwanza linakuja hapo hapo. Ikiwa uchawi huu ni kodi ya nyumba, uhamiaji na rushwa vilivyofunikwa kanga, kwa nini mwandishi asivae ujasiri akaandika riwaya ya uhalisia? Ni swali la haki, na lingeshinda kama uchawi ungekuwa fumbo tu, mfano wa kufasiriwa kisha ukatupwa. Lakini katika kazi nzuri hauko hivyo. Mfano ni Zoo City ya Lauren Beukes, mwandishi wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 2010 na kupata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Mtu aliyebeba hatia nzito hujikuta na mnyama asiyeweza kutengana naye. Zinzi December, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari na ambaye kaka yake alikufa kwa makosa yake, anatembea Johannesburg na mnyama mzito wa miti ya Amerika Kusini mgongoni. Mnyama akifa, giza huja kumchukua mwenyewe. Pamoja na mnyama huja kipaji; chake ni kutafuta vitu vilivyopotea. Beukes ameazima jina la vipaji hivyo, mashavi, kutoka Kishona, ambako ni roho za wageni waliofia mbali na kwao, na humpa anayepandwa nazo ujuzi fulani.

Mwanauhalisia angeweza kutuambia kwamba mfungwa aliyetoka jela hapati chumba wala kazi. Beukes anamweka mnyama mlangoni mwa mwenye nyumba na kutuacha tutazame uso wa mwenye nyumba. Zaidi ya hapo, mnyama huyo ana njaa, ana joto, anapendwa. Hatia imekuwa mwenzi. Sijui ni kwa njia gani nyingine riwaya ingesema kwamba mtu anaweza kulihitaji kosa lake mwenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwetu. Uchawi hapa si burudani. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925 na Tanzania Bara tangu 1928, zote za enzi za Mwingereza. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza marufuku dhidi ya waganga, katika juhudi za kukomesha mauaji ya watu wenye ualbino, na maneno ramli chonganishi bado yanasikika kila polisi wanapozungumzia mauaji ya vijijini. Katika hali hiyo, kuandika uchawi unaofanya kazi si kumpa muuaji hoja?

Hapana, ila si kwa sababu fasihi ni mchezo. Ramli chonganishi hustawi penye uchawi usio na gharama kwa mteja: kiungo ni cha mtu mwingine, faida ni ya anayelipa mganga, na anayetajwa kwenye ramli hana pa kujitetea. Riwaya inayouliza nani analipa inaifungua biashara hiyo kitabu cha hesabu. Beukes alilijua hilo. Zoo City inaishia kwenye mauaji ya muti, yaani ya kutafuta viungo vya dawa, tajiri akijaribu kulitupa deni lake kwenye mwili wa mwingine, na hakuna msomaji anayetoka hapo akiwa na hamu ya kumtembelea mganga. Za kuogopwa ni zile hadithi na filamu za bei rahisi ambamo uchawi huanguka kama mvua, hauna ruhusa wala deni, na mwisho bikizee fulani anaumbuliwa kwa makofi ya watazamaji.

Bwana Msa na mzuka

Fasihi yetu ilianza upande mwingine. Mohamed Said Abdulla alipompa Bwana Msa kazi ya kuchunguza mauaji katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), mpelelezi huyo wa Zanzibar alitumia akili, na mzimu ukageuka kuwa pazia la wahalifu. Ulikuwa uamuzi wa zama zake, wa msomi aliyetaka kuonyesha kwamba sababu hutafutwa. Said Ahmed Mohamed akaja kugeuza kibao katika Babu Alipofufuka (2001): marehemu anarudi kumsumbua mjukuu aliyeneemeka madarakani, na safari hii mzuka ni wa kweli kuliko utajiri wa anayesumbuliwa. Huyo babu ni mdai. Angeelewana vizuri na Mama Thames.

Kati ya Bwana Msa anayeuvua mzimu nguo na babu anayerudi kudai chake, nafasi ya konstebo mwenye daftari bado ipo. Mto Msimbazi unapofurika Jangwani na kuyasimamisha mabasi ya mwendokasi, waandishi wa habari huandika kuhusu mvua, mitaro na waliojenga bondeni. Mtunzi wa fantasia ya mjini angekwenda pale maji yakiwa bado yamefika magotini, akauliza mto unamdai nani, tangu lini, na kwa masharti gani.